Waya wa Kuazima

Kwa miaka kumi na minane, mtu wa Mugumu aliyetaka kuingiza umeme nyumbani kwake aliambiwa neno moja tu: mwite Waitara. Alikuwa mtu wa Tarime aliyehamia Serengeti akiwa bado kijana, mrefu, mkavu, asiyevua kofia yake ya kitambaa iwe mvua iwe jua. Nyumba alizozisuka waya zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwenyewe alishaacha kuzikumbuka zote. Alipopita barabara ya Manchira jioni, taa zinapoanza kuwashwa, alizitazama kama mfugaji anavyotazama ng'ombe wake wakirudi zizini. Ile ni yangu, alijisemea, na ile, na ile ya bati la kijani.

Kisha zikaja inveta za haibridi.

Zilianza kama habari tu, watu wakizileta kutoka Mwanza na Sirari. Walisema kuna sanduku la kutundika ukutani linalopokea umeme wa jua, wa betri na wa nguzo kwa pamoja, na lenyewe ndilo linaloamua litumie upi saa ipi. Umeme wa nguzo ukikatika, taa za nyumba hata hazipepesi. Waitara alicheka. Wauzaji wa masanduku hayo walipoandika barua kualika mafundi kwenye mafunzo ya wiki mbili Mwanza, aliisoma akiwa amesimama, akamkabidhi msaidizi wake.

"Nenda wewe," alimwambia. "Mimi sina muda wa kwenda kufundishwa kuchaji simu."

Msaidizi huyo aliitwa Scola. Alikuwa binti wa Machochwe, aliyeshuka Mugumu akiwa na miaka kumi na tisa baada ya tembo kulala ndani ya mahindi ya wazazi wake misimu miwili mfululizo. Alikuja kumwomba Agness, mke wa Waitara, kazi ya kusaidia jikoni. Siku moja Waitara alikosa mtu wa kumshikia ngazi, Scola akaishika, na tangu siku hiyo hakurudi tena jikoni. Waitara alimfundisha kila alichokijua kwa miaka sita. Scola akaenda Mwanza, akarudi, na mwaka uliofuata akaanza kujitegemea.

Sasa watu walisema: mwite Scola.

Hilo ndilo lililomla Waitara. Angeweza kuvumilia kushindwa na mgeni, fundi wa kampuni mwenye gari na shati lenye nembo. Lakini huyu alimjua tangu hajui kumenya waya bila kujikata. Alikumbuka barua ya Mwanza mara kwa mara, akiwa anakula, akiwa anaoga. Hakuna aliyemlazimisha. Mlango aliufungua mwenyewe, akamwambia mwingine apite.

Kila asubuhi mafundi waliokuwa hawana kazi walikaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya umeme la Anselm. Scola alipita hapo na pikipiki yake, ngazi imefungwa ubavuni, na hata siku moja hakupita bila kusimama. "Shikamoo, Fundi," alisema, na kuinama kidogo kama alivyofanya siku zote. Waitara aliitikia marahaba huku anatazama magurudumu ya pikipiki. Heshima ile ilimuuma kuliko ambavyo dharau ingemuuma, maana binti angekuwa na kiburi, angalau yeye angepata sababu ya kumchukia mbele za watu.

Mabaya zaidi yalikuwa yale ya simu. Mtu ambaye yeye alimsukia nyumba miaka kumi iliyopita alimpigia, moyo wa Waitara ukaruka, kumbe mtu mwenyewe anasema, "Mzee Waitara, habari za siku nyingi. Naomba namba ya Scola." Mara ya kwanza na ya pili aliitoa. Mara ya tatu alibadilisha tarakimu moja ya mwisho. Siku hiyo alikula chakula vizuri sana, na jioni akajisikia kama mtu aliyeonekana akiiba.

Hata nyumbani hakupumzika. Agness alimpenda Scola kama mtoto wa tumbo lake. Alipakua ugali huku anasimulia kwamba Scola amefunga umeme wa jua kwenye zahanati fulani, na kwamba manesi walimpigia makofi. Waitara alisema mboga imezidi chumvi.

Ndipo ikafika zamu ya nyumba ya Mwalimu Pudensiana.

Mwalimu Pudensiana alikuwa mwenyeji wa Kagera, aliyeletwa na serikali kufundisha baiolojia, akapapenda, akajenga kando ya barabara ya Manchira. Mumewe alifanya kazi mkoa mwingine na alikuja likizo tu. Kwenye chumba cha nyuma aliweka mashine ya kutotolesha vifaranga, yenye mayai mia mbili. Umeme ulipokatika muda mrefu mayai yalipoa, na mara mbili alitupa trei nzima zenye vifaranga vilivyofia ndani ya maganda. Akaamua kuweka haibridi. Paneli sita zilipandishwa juu ya bati, betri ikaja imefungwa kwenye mbao, na Waitara akazipata habari hizo kwenye benchi la Anselm, kama mtu baki.

Ile ilikuwa nyumba yake. Aliisuka miaka kumi na miwili iliyopita, na ndiyo ya bati la kijani.

Na nyumba ile ilikuwa na siri aliyoijua yeye peke yake. Siku ya mwisho ya kusuka, rola la waya mweusi lilimwishia kabla hajafikia taa ya korido na ya stoo. Waya mweusi ndio wa kurudisha umeme, ambao mafundi huuita nyutro. Maduka ya mjini hayakuwa nao siku hiyo, na Mwalimu alikuwa anahamia kesho yake. Waitara akafanya ambalo mafundi wengi hulifanya na kulinyamazia. Moto wa taa za korido, yaani umeme unaoingia, aliutoa kwenye laini ya taa, lakini nyutro yake akaiunganisha huko darini na nyutro ya soketi za jikoni. Aliiazima. Taa ikawaka, maana taa haijui waya wake wa kurudi ni wa nani. Laini zote zikiwa kwenye ubao mmoja wa umeme, lile sanduku la swichi, hakuna anayejua na hakuna anayedhurika.

Lakini haibridi inataka nyumba igawanywe. Taa, friji na mashine ya mayai vinabaki upande wa inveta, na vitu vizito kama jiko la umeme na birika vinahamishiwa ubao wa peke yao, vitumie umeme wa nguzo tu. Maana yake soketi za jikoni zingeng'olewa kutoka kwa wenzao, na nyutro yao ingeondoka na mkia ambao si wao, ule wa taa ya korido.

Siku ya Ijumaa mchana Scola alikuja nyumbani kwa Waitara. Alimkuta kivulini, ameifungua pasi ya jirani, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Akasalimia, akakaa kwenye kigoda.

"Fundi, kesho naanza kwa Mwalimu Pudensiana," alisema. "Nyumba ile uliisuka wewe. Kuna kitu inabidi nikijue kabla sijaigusa?"

Waitara hakuinua macho. "Unaniuliza mimi? Si ulisoma Mwanza?"

"Mwanza walinifundisha mashine. Nyumba unaijua wewe."

Ilikuwa kweli, na ilisemwa kwa unyenyekevu, na kwa sekunde chache jibu lilikuwa kwenye ulimi wake. Lakini kulitoa kulikuwa ni kusema kwamba yeye, Waitara, alifanya kazi ya kulipua. Na kumwambia huyu, wa kwanza kati ya watu wote. Halafu aliona jambo jingine, likamtekenya. Aliona Scola anawasha inveta, inakata. Anaiwasha tena, inakata tena. Mwalimu amesimama na mikono kiunoni. Na mwisho wa yote mtu anatumwa mbio: nendeni mkamwite Mzee Waitara.

"Nyumba ile haina shida," alisema. "Fanya kazi yako."

Scola akashukuru. Agness akamfungia viazi vitamu kwenye mfuko, akaondoka.

Jumamosi asubuhi Waitara aliamka na uzito kifuani. Lile alilolitamani jana, la kumwona Scola ameaibika, bado lilikuwepo, lakini sasa kando yake aliuona mkono. Mkono wa mtu umeshika ncha ya waya mweusi aliouamini. Alijiambia kwamba Scola atazima umeme wote wa nyumba kwanza, kama alivyomfundisha. Mtu akizima vyote, nyutro ya kuazima haina nguvu ya kumfanya lolote. Alijiambia hivyo mara tatu, kisha akachukua kofia, akaanza kutembea kuelekea barabara ya Manchira kwenda kusema.

Alifika hadi kwenye kijiwe cha bodaboda. Vijana wawili walikuwa wamekalia pikipiki zao, hawakumwona, au walimwona wasimjue. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba ameona paneli zinapandishwa kwa Mwalimu, na kazi anaifanya yule dada. "Afadhali," alisema mwenzake. "Zamani hapa tulikuwa tunafungiwa umeme kwa kubahatisha tu. Sasa tumepata fundi."

Waitara alisimama. Damu ilimpanda hadi masikioni. Kama wamepata fundi, basi huyo fundi wao ajionee mwenyewe. Akageuka, akarudi alikotoka, akaenda kuketi kwenye benchi la Anselm. Ilikuwa saa nne kasoro.

Saa tano na robo simu ya Anselm iliita. Anselm alisikiliza, akasema "lini?" na "yuko wapi sasa?" Kisha akatoka hadi mlangoni. Alimtazama Waitara, si mafundi wengine.

"Scola amepigwa na umeme kwa Mwalimu," alisema. "Kaanguka kutoka kwenye ngazi. Wamempeleka hospitali."

Waitara hakukumbuka baadaye alivyofika huko. Alikumbuka tu kwamba njiani alikuwa anaomba kitu kimoja: asife. Na hata katika ombi lile alijisikia mwongo.

Hakufa. Alikuwa amelala kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, na kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto kulikuwa na alama ndogo nyeusi kama iliyochomwa na kijinga cha moto. Mwalimu Pudensiana alikaa pembeni yake, macho yamevimba. Yeye ndiye aliyesimulia. Mayai yalikuwa siku ya kumi na tisa, yamebakiza siku mbili yaanze kupasuka, kwa hiyo alimsihi Scola asizime nyumba nzima. Scola akakubali kwenda laini moja moja. Akazima ya jikoni peke yake, akapima, akaanza kufungua nyaya.

"Nikaenda stoo kuchukua ndoo," alisema Mwalimu. "Nikawasha taa ya korido. Nikasikia kishindo. Mimi ndiye niliyewasha taa, Mzee Waitara. Sikujua kama hairuhusiwi."

Scola alimwambia aache kujilaumu, kwa sababu taa ya korido haihusiani na soketi za jikoni. Kisha akamgeukia Waitara, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia aliyoizoea.

"Nilipima, Fundi. Nilipima mara mbili. Waya haukuwa na moto." Akakitazama kidole gumba kilichoungua. "Au sijui kupima. Labda niache hii kazi. Fundi asiyejua waya upi una moto na upi hauna, ipo siku ataua mtu."

Haya ndiyo maneno ambayo kwa mwaka mzima Waitara alikuwa ameyatamani bila kukiri hata moyoni mwake. Na Mungu amsamehe, yalipoingia masikioni yalikuwa matamu. Ni kwa pumzi moja tu, lakini aliusikia utamu wenyewe, ukampita kooni. Aliomba maji, akanywa amesimama, kana kwamba maji yangeuosha.

Mwalimu ndiye aliyemwomba amalizie kazi. Ubao wa umeme ulikuwa wazi, nyaya zinaning'inia, nyumba nzima giza, na mayai alikuwa ameyafunika mablanketi na kuyazungushia madumu ya maji ya moto. Waitara alikwenda saa ile ile. Kwanza aliirudishia umeme mashine ya mayai kwa njia ya muda. Kisha akapanda darini.

Alilikuta kopo la kuungia nyaya mahali alipoliacha miaka kumi na miwili iliyopita, chini ya mavi ya popo. Utepe aliouzungushia mwenyewe ulikuwa bado umekaza. Alikaa pale juu ya mbao, tochi mdomoni, akiutazama kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa amelewa. Baadaye akakata kile kiungo, akavuta waya mpya wa nyutro kutoka korido hadi kwenye ubao, waya wake wenyewe, usioazimwa popote. Ilimchukua muda mfupi tu. Ndivyo kazi ile ilivyokuwa ndogo siku zote.

Jumapili alibaki na inveta, na hapo hakujua aanzie wapi. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza chenye herufi ndogo. Alikizungusha, akakirudisha, akatoka nje, akarudi. Mwishowe akampigia Scola.

Scola alimwelekeza akiwa kitandani, sauti yake imechoka lakini imetulia. Alimwambia aanze na betri, na ahakikishe chanya iko kwa chanya kabla hajagusa kitu kingine, kisha alete umeme wa nguzo, paneli ziwe za mwisho. Alimwambia wapi pa kubonyeza ili mashine ijue ni betri ya aina gani, na ajaze kiasi gani, na ikifika wapi iache kuinyonya. Alipokosea, Scola alimwambia arudi nyuma hatua mbili, bila kuchoka, na Waitara akagundua kwamba ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akimfundisha zamani, kabla hajaanza kumwonea wivu. Yeye alisema ndiyo, ndiyo, akiwa na miaka hamsini na mbili na simu imebanwa begani.

Walipomaliza alimwambia Mwalimu azime umeme wa nguzo. Mwalimu akazima. Friji iliendelea kuunguruma, taa ya mashine ya mayai ikabaki vile vile, saa ya ukutani ya umeme haikupoteza hata sekunde. Jikoni peke yake ndiko kulikolala, kama ilivyotakiwa. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwamba hakujua kama mzee bado yuko vizuri hivi.

Kesho yake vifaranga vilianza kutoboa maganda. Si vyote, lakini zaidi ya nusu.

Habari zilienea kama alivyozitamani, na zilivyoenea ndivyo zilivyomtesa. Kwenye benchi walisema mzee amemaliza kilichomshinda Scola. Watu wawili walimpigia simu, na safari hii walimtaka yeye. Kwa siku tatu Waitara alikuwa tena yule wa zamani, na kwa siku tatu hakulala vizuri.

Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, Agness alisema kwamba Scola ametoka hospitali na anauza pikipiki yake. Shangazi yake ana ofisi ndogo Sirari, ya kuwajazia madereva wa malori karatasi za mpakani. Atakwenda kukaa naye. Amesema mikono yake haiamini tena.

"Na Mwalimu kila siku anakwenda kumlilia kwamba ni yeye aliyemwangusha," aliendelea Agness. "Baba Gati, wewe ndiye uliyemfundisha. Nenda ukazungumze naye asiache. Atakusikiliza wewe."

Waitara aliweka tonge chini. Akaanza kumwambia mkewe habari ya rola lililoisha, na kopo la darini, na lile swali la Ijumaa. Alisimulia akitazama sahani. Alipofika kwenye kijiwe cha bodaboda, Agness alinyanyuka.

"Usiniambie mimi," alisema. "Si mimi niliyeanguka."

Waitara alikwenda kwa Scola mchana ule ule. Alipita kwanza kwa Mwalimu Pudensiana akamwomba waongozane, maana na yeye alikuwa amebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Walimkuta Scola katika chumba chake cha kupanga, anakunja nguo kwa mkono mmoja. Alisema shikamoo, akataka kuwatafutia viti. Waitara alimwambia asihangaike. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Ulipima sawasawa," alisema. "Waya ulikuwa hauna moto ulipoupima. Taa ya korido nyutro yake niliiazima kutoka jikoni siku ninasuka ile nyumba. Mwalimu alipowasha taa, moto ulipita kwenye balbu ukaja mkononi mwako. Mimi nilijua. Uliponiuliza Ijumaa, nilijua."

Mwalimu Pudensiana alifunika mdomo kwa khanga, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ilipita miezi kabla hajamsalimia Waitara tena, na alipomsalimia ilikuwa ni kwa kichwa tu.

Scola hakulia wala hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Alikuwa amejiandaa kusema aibu, kwamba aliona aibu kwa kazi mbovu. Hiyo nayo ilikuwa kweli, lakini ilikuwa ile kweli iliyo nyepesi. "Kwa sababu wanakuita wewe," alisema. "Hawaniiti mimi."

Scola alimtazama muda mrefu, kama anayepima kitu kwa macho. Kisha akakaa juu ya nguo zake, akaupumzisha mkono wa plasta mapajani, akauliza swali ambalo Waitara hakulitarajia.

"Ziko ngapi?"

"Nini?"

"Nyumba ulizoazima hivyo."

Waitara alifikiri. Alisema anazokumbuka ni saba. Huenda ni tisa.

"Watu wote hawa wataweka haibridi, leo au kesho," alisema Scola. "Mimi nisipozifungua atazifungua mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na bahati ya kuvunjika mkono tu. Utazionyesha zote. Utapanda darini wewe, mimi nitasimama kwenye ubao. Na pale kwa Anselm utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea, wala sitakuficha."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, na Waitara hakuthubutu kuuliza.

Alisema kwa Anselm, kesho yake asubuhi, benchi likiwa limejaa. Aliwaambia waache kumsifu, akaeleza kwa nini. Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja, kijana, akaanza kuvitazama viatu vyake kwa namna ambayo ilimwambia Waitara kwamba huyu naye anayo nyumba ya namna hiyo mahali fulani. Anselm aliingia ndani akajishughulisha na kupanga swichi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Wale wawili waliompigia simu hawakupiga tena.

Pikipiki haikuuzwa. Plasta ilipotolewa, walianza. Walikwenda nyumba kwa nyumba, Scola akimweleza mwenye nyumba kwa maneno machache, na Waitara akisema sehemu yake, kwamba kosa ni langu na nimekuja kulirekebisha. Baadhi waliwakaribisha chai. Mzee mmoja wa njia ya Machochwe alimtukana Waitara kwa Kikurya kuanzia getini hadi darini, na hakuacha hadi alipoteremka. Zilifika kumi na moja kwa jumla. Mbili alikuwa amezisahau kabisa, na ni Scola aliyezigundua kwa kupima.

Wivu haukuisha kwa kukiri. Waitara alikuwa ametegemea kwamba utaisha, kama jino linavyoacha kuuma likishang'olewa, na alishangaa kuukuta bado. Mwezi wa sita walipata kazi Sirari, kwa wakala wa forodha aitwaye Danford, mwenye nyumba ya ghorofa moja na mazungumzo yaliyochanganyika Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka. Nyumba hiyo Waitara hakuwa ameisuka. Scola alimwomba waende wote, kwa kuwa dari ilikuwa chafu na alihitaji mtu anayejua kusoma nyaya za zamani. Danford aliwapokea getini. Alimpita Waitara, akampa Scola mkono, akamwambia amesikia sifa zake hadi Isebania upande wa Kenya, karibu sana fundi. Kisha akamwonyesha Waitara kwa kidevu mahali pa kuegesha ngazi.

Wivu ulimchoma, pale pale pa siku zote, chini kidogo ya mbavu. Alisimama nao kidogo, ngazi begani. Scola alikuwa ameshaufungua ubao wa umeme na anauangalia, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Fundi," aliita bila kugeuka, "hizi nyeusi mbili zimebanwa pamoja. Unadhani zinatoka wapi?"

Waitara alisogea, akazitazama. Akasema hawezi kujua akiwa chini, asubiri asiguse chochote. Akazima swichi kuu ya nyumba kwa mkono wake, akaegesha ngazi, akapanda.